Nimefikisha umri aliofia mzee wangu, fundi aliyepima mji mzima yeye hajawahi kupimwa

MwanaFundi

Habari za usiku wakuu,

Uzi ni mrefu na nauandika kwenye simu huku watoto wamelala, makosa ya herufi mnivumilie. Mvivu wa kusoma apite kimya kimya asije mtu kuniuliza "kwa ufupi tafadhali".

Mwezi uliopita nimetimiza miaka 38. Kwa wengine ni keki na picha ya statasi basi imeisha, ila mimi huu umri nimeusubiri tangu niko darasa la saba, maana mzee wangu alikufa na 38, Novemba 2002, na kuanzia siku ile nikawa na hesabu yangu kichwani kwamba iko siku tutalingana. Ndo tumelingana sasa. Mwakani nikijaaliwa nitakuwa mkubwa kwa baba yangu mzazi, sijui hapo shikamoo anampa nani nani.

Mzee alikuwa fundi cherehani pale Morogoro mjini. Zamani alikuwa kiwandani, kiwanda kimoja cha nguo, si mnajua Moro ilivyokuwa na viwanda miaka ile, halafu ikaja kubinafsisha na kupunguza watu miaka ya tisini, akatoka na kiinua mgongo ambacho kwa maneno yake "kilikuwa kiinua kidole". Akakinunulia cherehani ya kukanyaga aina ya Butterfly, pasi ya mkaa ile yenye kijogoo mbele, na mkasi mmoja mzito ambao ukiugusa kukata karatasi unakula kofi hapo hapo. Akaomba baraza ya duka la mtu karibu na soko kuu, akaweka meza. Nguo za mitumba zilishajaa mjini, suruali nzuri unaiokota sokoni kwa bei ambayo fundi hata uzi na zipu haimrudishii, kwa hiyo kilichokuwa kinamweka mjini ni vitu viwili, sare za shule na suti za Kaunda za wazee.

Namkumbuka zaidi mdomo wake, maana muda wote ulikuwa na pini. Aliweza kuongea, kucheka, kugombana na mteja na kusikiliza mpira redioni huku pini nne zimekaa kwenye lipsi hazidondoki. Mama alikuwa anapiga kelele kila siku utakuja kumeza wewe. Chaki hakuwahi kununua, alichorea vitambaa kwa vipande vya sabuni vilivyoisha, vile vinavyobaki vyembamba kama jani. Nyumbani kwetu sabuni haikutupwa hata siku moja, ikiisha inaenda kazini na baba.

Na simfanyi malaika. Alikuwa mwongo wa tarehe kama mafundi wote wa dunia hii. "Njoo kesho jioni" yake ilikuwa na maana ya Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa na maana ya ukibahatika. Ila kitambaa cha mtu hakuiba. Vipande vilivyobaki alivifunga kwenye nguo na kukurudishia, hata kiwe kidogo cha kutosha leso. Mteja mwingine anamwambia baki nacho anajibu "kesho suruali ikichanika utakuja kunililia mimi kiraka nitakitoa wapi".

Ngoja nigeuze mtoto upande naendelea.

Kipara wa Msamvu

Nimeweka kiti hapa mkuu. Pole sana. Hiyo pasi ya jogoo imenirudisha mbali, sisi ilikuwa lazima utoke nje ukaipungie hewa mpaka mkono ufe

mama_pilau

Daah kwamba mwakani utakuwa mkubwa kwa baba yako, hilo sijawahi kuliwaza. Mimi mama yangu alifariki na 31 nishampita zamani na sikujua kama nimempita 😢

MwanaFundi

Tuendelee.

Alikuwa na daftari. Kauntabuku kubwa lenye jalada jeusi, kila mteja ana mistari yake: kifua, bega, mkono, kiuno, urefu. Na pembeni anaandika vitu vyake vya siri ambavyo mteja haoni. "Bega la kushoto limeshuka." "Anasema 34 ni 36." "Kitambi kinakuja, acha nafasi." Kuna mwalimu mmoja ameandikwa "asibanwe, anaogopa". Nimesoma lile daftari nikiwa mkubwa nikacheka mpaka machozi maana baadhi yao nawajua na kweli bega limeshuka.

Sisi watoto wake watatu tulikuwa na ukurasa wetu nyuma. Kila mwaka mpya, tarehe moja Januari kabla hajafungua kazi, tunasimama mlangoni kwa zamu anatupima. Sio kwa ajili ya nguo, nguo zenyewe wakati mwingine hazikuwepo. Anapima tu, anaandika, anasema "umekula chakula changu inchi mbili mwaka huu" halafu tunacheka.

Mwaka 2002 ndo ulikuwa mwaka wa kazi kuliko yote niliyoiona. Ada za shule ya msingi zilikuwa zimefutwa, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi, MMEM, na watoto waliokuwa wamekaa majumbani wakamwagika shuleni wote kwa pamoja, wengine wakubwa kuliko darasa. Januari ile mzee alilala barazani. Sketi za bluu, kaptula za kaki, mashati meupe mpaka ukifumba macho unaona vifungo. Nilikuwa namwendea na chakula saa mbili usiku, ananipa mashati niweke vifungo, mimi na dada yangu, karabai inaunguruma, yeye anakanyaga. Wazazi wengine hawakuwa na hela yote akawashonea hivyo hivyo, deni linaandikwa chini ya kiuno. Ndo maana daftari letu lina kifua 24, kiuno 22, anadaiwa 800.

Hapo ndo kichwa kilianza. Alikuwa anashika kisogo anasema shingo imekaza kwa kuinama. Panadol mbili anaendelea. Mama akamburuza zahanati, wakampima wakasema presha iko juu sana, wakampa vidonge vya mwezi mmoja arudi. Akavimeza vyote kwa adabu, akajisikia mzima, akaona basi amepona, hakurudi. Mtu atafunga kazi aende kukaa foleni kuchukua dawa ya ugonjwa asiousikia? Nilikuwa mtoto sikuona ubaya. Kwa akili za siku zile hata mtu mzima asingeona.

Novemba, siku ya Jumatano, nimeshamaliza mtihani wa la saba nasubiri majibu, niko naye barazani. Alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano. Ile kitu alikuwa anaifanya bila kuangalia, anaramba uzi anachomeka, sekunde moja. Siku ile akachomeka ukapita pembeni. Akaramba tena. Ukapita pembeni. Mara ya tatu akaniangalia, na pini zikaanza kumdondoka mdomoni moja moja kwenye kitambaa. Mdomo ulikuwa umeenda upande.

Watu wa dukani walikimbia kutafuta teksi. Hospitali alikaa siku mbili hajasema neno. Alfajiri ya Ijumaa akaondoka.

Chai Maharage

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hapo kwenye pini mkuu nimeweka simu pembeni kwanza

Mtoto wa Reli

MwanaFundi pole ndugu yangu. Sisi tumefiwa mwaka mmoja. Mzee wangu alikuwa abiria kwenye ile treni ya Igandu Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, ilirudi kinyumenyume ikaenda kugongana na ya mizigo, wakafa watu 281. Alikuwa na miaka 35. Mimi nilikuwa na minne, kwa hiyo nikiambiwa nimkumbuke baba ninachokiona ni magoti. Suruali ya kahawia na magoti, basi, juu hapafiki. Picha ipo moja ya kitambulisho ila picha na yale magoti sijawahi kuviunganisha vikawa mtu mmoja.

Una bahati una daftari. Sisemi kwa wivu, nasema kweli.

MwanaFundi

Mtoto wa Reli umenimaliza. Mwaka ule treni ile tuliisikia redioni tukiwa barazani hapo hapo, mzee alizima mashine watu wakasimama kusikiliza. Pole sana kaka. Kumbe baba yako alikuwa humo.

Naendelea, bado sijafika nilikokusudia.

Tulimzika Ijumaa ile ile baada ya swala. Kabla ya hapo kuna jambo. Bafta ya sanda ililetwa, na aliyeikata ni fundi mwenzie, jirani yake wa barazani, mshindani wake kabisa ambaye walikuwa wanagombania wateja mpaka hawaongei siku nzima. Aliingia ndani na futi kamba yake shingoni kama kawaida, akampima mzee pale alipolazwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mlango ule ule tunaopimiwa Januari. Alipomaliza akatoka na kauntabuku la baba, akaomba peni, akaandika namba akiwa amesimama, kwa mazoea tu nadhani, mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Halafu akashtuka akaniangalia akanipa daftari akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa sauti.

Ukurasa wa mwisho kabisa wa lile daftari una mstari mmoja. Jina la mzee. Urefu. Hakuna kifua hakuna kiuno, sanda haiulizi hayo. Nikaja kupekua daftari zima baadae, watu zaidi ya mia nne wamo, mzee mwenyewe hayumo. Ile ndo mara yake ya kwanza.

Watani nao hawakukosa. Siku ya tatu mmoja alienda kukaa kwenye cherehani tuliyokuwa tumeirudisha nyumbani, akaanza kukanyaga anasema hatoki mpaka marehemu amlipe suruali yake aliyomwambia njoo kesho tangu sabasaba. Mama akacheka. Nakumbuka maana alikuwa hajafungua mdomo siku tatu.

Na wateja walikuja. Hili sitalisahau. Wale wa "anadaiwa 800" wengi walikuja wenyewe bila kuitwa, mmoja mmoja, wanampa mama mkononi wanasema fundi ananidai. Wapo ambao hawakuja mpaka leo, nawajua kwa majina na viuno vyao, sina shida nao.

Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Mzee ni Mluguru, na kwa Waluguru wa zamani mali ya mtu inatazama upande wa mama yake, watoto wa dada yake ndo wenye ukoo, sisi watoto wa kumzaa ni wa ukoo wa mama yetu. Mashehe wakasema yao, wazee wakasema yao, mwisho wa yote cherehani ikaenda kwa binamu yangu mmoja aliyesema atajifunza kazi. Hakujifunza. Sitaki kurefusha hapa maana wengine bado tunasalimiana. Sisi tukabaki na pasi, mkasi, daftari na mfuko mmoja wa rambo uliokuwa chini ya meza.

Kibuyu

Hizo mila zimeliza watoto wengi sana milimani huko. Mfuko ulikuwa na nini?

MwanaFundi

Kibuyu ndo nafika.

Ndani kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza koti la suti ya Kaunda halijawekwa mikono, limechorwa chorwa kwa sabuni. Cha pili ni suruali mbili za kijivu, mpya, zimeshonwa zimekamilika, ndefu kwa mtoto wa miaka 14, zimepachikwa kikaratasi kwa pini, jina langu na neno moja: "sekondari".

Majibu yalikuwa hayajatoka. Hakuna aliyejua kama nimefaulu, na enzi zile kufaulu la saba kwenda shule ya serikali haikuwa mchezo. Mzee alishashona.

Majibu yakatoka nimechaguliwa. Ila shule yenyewe wanavaa bluu iliyokoza, sio kijivu. Hela ya kitambaa kipya hakuna. Mama akanunua rangi ya unga sokoni, akachemsha maji kwenye sufuria kubwa la shughuli, akatumbukiza suruali zote mbili. Jirani akamwambia fumua kwanza mapindo rangi iingie vizuri. Mama akasema mshono wa mume wangu haufumuliwi. Akazichemsha hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni kazi ya fundi. Pindo la chini alikuwa amelikunja mara tatu. Sio mkunjo mmoja mnene, ni mikunjo mitatu imepangana, na kila mmoja una mstari wake wa uzi, ili mtoto akirefuka unakata mstari mmoja kwa wembe suruali inashuka vidole viwili vitatu, mingine inabaki. Nyuma kiunoni ameacha akiba ya kitambaa upande huu na huu. Form one nikavaa, safi, bluu.

Form two nimerefuka vifundo vya miguu viko nje. Mama akakubali kwa shingo upande, akakaa na wembe akafumua mshono wa kwanza. Suruali ikashuka, na pale palipokuwa pamekunjwa rangi haikuwa imeingia. Pakatokea mstari wa kijivu umezunguka mguu. Kijivu cha mzee kile, kipya kabisa, kama kimetoka dukani jana.

Shuleni wakaniita Lansi Koplo.

Form three mkunjo wa pili, mistari miwili. Nikapanda cheo, Koplo. Form four mkunjo wa tatu, Sajenti. Mpaka walimu wa zamu walikuwa wanaita Sajenti njoo hapa. Mwanzoni niliumia sana, nilikuwa navuta soksi juu, nachora na peni ya bluu usiku ili isionekane. Halafu sijui ilikuwaje, kama form three hivi, nikaacha. Nilianza kuona kila mwaka mzee ananitumia kitu.

Chizi Fresh

Mkuu samahani lakini hapa tunapigwa chai. Suruali moja miaka minne? Ya shule? Yaani dawati la mbao, mpira, kufyeka majani, miaka minne? Hapana

MwanaFundi

Chizi Fresh nilisema zilikuwa mbili, soma vizuri. Moja ilikufa form two kwenye msumari wa dawati, ikageuka viraka vya mwenzie. Hiyo ya pili mpaka form four magoti yalikuwa na viraka viwili juu ya viraka. Sikusema ilikuwa nzuri, nilisema ilifika.

Na nikwambie jambo lingine kama hujaamini. Ukurasa wetu wa nyuma, chini ya vipimo vyangu vya Januari 2002, mzee alishaandika miaka ya mbele. 2003, 2004, 2005, 2006, kila mmoja una urefu wa mguu ameukadiria, na alama ya kuuliza pembeni. Alichukua nilivyokuwa narefuka tangu darasa la kwanza akapiga hesabu. 2006 aliandika inchi 41. Nilipomaliza form four nilimwambia dada anipime mlangoni. 40 na nusu.

Alinikosea nusu inchi.

Chizi Fresh

Nimeomba radhi mkuu. Nimefuta kicheko.

mama_pilau

Mimi nimesimama jikoni nalia mume ananiuliza nani kafa namwambia fundi wa Morogoro 😭😭

Kipara wa Msamvu

Sajenti hahahaha aisee. Hivi mzee alikuwa upande gani, Simba au Yanga? Maana fundi wa barazani lazima awe na upande

MwanaFundi

Simba damu. Kinachoniuma alikosa 2003, Simba wanamtoa Zamalek kule kule Cairo kwa penalti na Zamalek ndo alikuwa bingwa mtetezi. Ile siku nilisikiliza redio nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda chake. Kaseja anadaka mimi nageuka pembeni nimwambie mtu, hakuna mtu.

nesi wa zamu

Habari za asubuhi MwanaFundi. Nimesoma usiku nikiwa kazini, pole sana. Naomba niulize kama dada yako, usichukie. Umeandika mambo mengi ya vipimo. Wewe presha yako umepima lini?

MwanaFundi

Dada nesi sijachukia. Sijapima. Mara ya mwisho labda wakati naomba kazi, miaka kumi na kitu iliyopita.

Naogopa, ukweli ndo huo. Na kwa vile najisikia mzima.

nesi wa zamu

Hata mzee alijisikia mzima, umeandika mwenyewe hapo juu. Presha ya juu watu wengi hawana dalili yoyote, wengine hawajui wanayo mpaka siku inapopasua mshipa au kuuziba. Kichwa kuuma usikitegemee kukwambia. Na vidonge vyake sio kama vya malaria kwamba unameza dozi unamaliza. Unakunywa kila siku, ukijisikia vizuri ndo vinafanya kazi, ukiacha inapanda tena. Wagonjwa wangu wengi wanaokuja wamepooza walishawahi kupewa dawa wakaacha, nikiwauliza wanasema nilipona.

Na wewe baba yako kapata kiharusi akiwa na 38, basi upo kwenye kundi la kupimwa mapema na mara kwa mara, wewe na ndugu zako wawili.

Nenda asubuhi. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa kwenye kiti utulie dakika tano, miguu chini usikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi sio juu ya shati. Usiongee wakati inapima. Ikisoma 140 juu au 90 chini na kupanda, usipanik, rudia siku nyingine mbili maana wengine inapanda kwa kumuona nesi tu. Zikiwa juu siku zote, muone daktari, na kwa umri wako chini ya 40 mwambie akuangalie na figo. Ila ikisoma 180 kwenda juu usirudi nyumbani kusubiri siku nyingine.

Na wengine wote mnaosoma: mtu mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakawa mazito, hiyo ni gari na hospitali muda huo huo. Sio kumlaza, sio kumpaka mafuta, sio kusubiri shehe au mchungaji kwanza.

Mtoto wa Reli

Nenda kaka. Mimi nimepima mwaka huu.

Kibuyu

Sajenti hii ni amri. Nenda upime ulete mrejesho, tunakusubiri humu humu.

MwanaFundi

Haya. Mmenishika.

Kipara wa Msamvu

Siku ya nne hii. Mleta uzi uko wapi? Au umetufanyia ya fundi, njoo kesho?

MwanaFundi

Hahaha Kipara hiyo imenikuta.

Mrejesho. Jumatatu 156/98. Nilitoka pale miguu haina nguvu nikakaa kwenye bodaboda bila kumwambia twende wapi. Jumatano 150/96. Leo 152/96. Daktari kijana tu, kanipima na mkojo na damu, figo ziko salama, kaniandikia vidonge na kusema nipunguze chumvi na mwezi ujao nirudi. Nilimuuliza navimeza mpaka lini akaniambia "wewe vimeze tu". Dada na mdogo wangu nimewapigia wote wawili, dada yuko sawa, mdogo ananikwepa, nitamfuata kwake Jumamosi.

Mke wangu kachukua kauntabuku la mzee kabatini bila kuniuliza. Kageuza mpaka ule ukurasa wa mwisho wenye mstari wa yule fundi. Kaandika chini yake jina langu, tarehe tatu na namba zote tatu, halafu kaacha mistari.

nesi wa zamu

Safi sana. Weka alamu ya saa moja asubuhi kila siku. Usije ukajisikia mzima ukaacha.

mama_pilau

Mungu ambariki huyo mke

Kibuyu

Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Lile koti la Kaunda suti liliishia wapi?

MwanaFundi

Lipo. Halina mikono mpaka leo. Mama hakutaka fundi mwingine aliguse na mteja mwenyewe hakuja kulidai. Liko kwenye ule ule mfuko wa rambo, mifuko yenyewe ilishapigwa marufuku tangu 2019 ila huu hautoki nyumbani kwangu. Kwenye daftari vipimo vyake vipo: kifua 42, kiuno 40, mkono 25, "anapenda mfuko wa ndani, anaweka miwani". Ametanguliza 5,000 kabaki 3,500.

Kama baba au babu wa mtu humu aliwahi kushonesha Kaunda suti ya kijivu Morogoro 2002 na hajaipata, anitafute inboksi. Hiyo 3,500 nimesamehe.